Vaa Lenzi, Vua Kiburi
Mahubiri kwa mafundi wa Nachingwea na Ruangwa

Ndugu zangu mafundi, zimeni redio kidogo. Fundi saa wa karibu na stendi, weka kibano chini. Fundi simu uliye chini ya mwavuli, mwambie mteja asubiri. Mama mwenye cherehani barazani, ondoa mguu kwenye pedeli. Sonara, mchonga mpingo, dalali wa mawe, na wewe kijana uliyechutama juu ya gunia ukifungua kabureta ya mashine ya kupulizia mikorosho, sogeeni karibu. Nina neno nanyi, na neno lenyewe si tamu.

Hamwoni!

Nasema tena, maana wengine mmejifanya hamkusikia: hamwoni. Mnapapasa. Mnalehemu kwa kukisia, mnafunga skrubu kwa mazoea, mnatunga uzi kwa bahati, na kazi ikirudi mnamtupia lawama Mchina. Simu ya Mchina, saa ya Mchina, plagi ya Mchina! Mchina wa watu yuko kwao amekaa kwenye kiti, taa iko juu ya meza, lenzi iko mbele ya macho, anaona anachokifanya. Wewe uliye hapa, unayeshika kitu kilichotengenezwa kwa lenzi, unataka kukitengeneza upya kwa macho makavu. Nani kakudanganya?

Nawajua kwa dalili zenu. Fundi aliyepita miaka arobaini akipewa kazi ndogo haisogezi karibu, anaisukuma mbali. Anainyoosha mikono mpaka mikono inaisha kabla herufi hazijasomeka. Kisha anabeba kiti kukipeleka juani. Kisha anakunja uso kama aliyelamba ukwaju. Mwisho anamwita mtoto wa jirani: "Njoo mwanangu, hebu nipenyezee huu uzi." Na mtoto akiondoka, fundi anajiambia macho yake bado mazima, ni uzi tu wa siku hizi umekuwa mwembamba.

Uzi ni ule ule, ndugu yangu. Kilichobadilika ni lenzi iliyo ndani ya jicho lako. Ujanani ni laini, hujikunja na kujinyoosha ili uone karibu na mbali. Miaka inavyokwenda inakakamaa, na ukikaribia arobaini hivi huanza kukataa kujikunja. Inampata tajiri na maskini, mcha Mungu na mlevi. Si ugonjwa wa aibu, si laana ya ukoo, wala hakuna aliyekuroga. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na fundi mficha macho huumbuliwa na kazi yake.

Na wewe kijana wa miaka ishirini na tano usicheke. Jicho lako ni zima, kweli, lakini hakuna jicho la binadamu lililoumbwa kutazama kipande kidogo kama chembe ya chumvi juu ya bodi ya simu na kusema kama miguu yake yote imeshika risasi. Neno hili ni lako pia.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe, maana anayehubiri bila kukiri hastahili kusikilizwa. Miaka ile nilikuwa na meza yangu ya saa hapa Nachingwea na jina langu lilikuwa kubwa kuliko meza. Akaja mwalimu mstaafu na saa yake ya mkono, ile ya kujaza kwa mkono, zawadi aliyopewa siku ya kuagwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Imesimama hii. Itazame taratibu, ni kumbukumbu."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye ukingo wa mfuniko wa nyuma. Kikateleza. Nikaingiza tena, kikateleza tena. Mara ya tatu mfuniko ukafunguka. Ndani nikabana skrubu kwa bisibisi isiyolingana na mfereji wa skrubu, kwa sababu mfereji wenyewe sikuuona, niliuhisi tu kwa ncha ya chuma. Saa ikaanza kutembea. Nikafunga, nikafuta kwa fulana, nikapokea pesa. Wiki mbili baadaye nikasikia imesimama tena. Mwalimu hakurudi kunidai. Nikajiambia, saa imezeeka. Mwalimu huyu nitamrudia mbele ya safari.

Sasa niwaambie ninachowahubiria. Ni miwani ya kukuzia inayofungwa kichwani kwa mkanda, yenye kidirisha cha lenzi kinachoshuka mbele ya macho na kupanda kama ukingo wa kofia. Wengine huiita miwani ya fundi. Mimi nitaiita lenzi ya kichwani. Ubora wake ni kwamba mikono yote miwili inabaki huru na macho yote mawili yanafanya kazi, hivyo unaona kina: unajua kipi kiko juu na kipi kiko chini, ncha ya kibano imefika au bado. Ile lenzi ya kubana kwenye jicho moja ina kazi yake kwa fundi saa, lakini jicho moja halipimi kina vizuri. Na kioo cha kushika mkononi ni cha kusomea gazeti. Kimekuibia mkono mmoja kabla kazi haijaanza.

Mkiondoka hapa na neno moja tu, liwe hili: usinunue ukubwa, nunua umbali!

Kila lenzi ina umbali wake mmoja ambapo kitu huonekana safi. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni ya darasa la nne: chukua 100, gawa kwa namba ya dayopta, jibu ni sentimita kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kazi. Dayopta 2, sentimita 50. Dayopta 4, sentimita 25. Dayopta 5, sentimita 20. Dayopta 10, sentimita 10, yaani upana wa kiganja. Kwenye maboksi wauzaji wanapenda kuandika X badala ya dayopta, na kila mmoja ana namna yake ya kuhesabu. Kwa lenzi za kichwani za kawaida, 2X ni kama dayopta 4, na 3.5X ni dayopta 10. Namba inavyopanda, kazi inakusogelea puani, eneo unaloliona linapungua mpaka linakuwa kama sarafu, na kina kinachoonekana safi kinakuwa chembamba kama karatasi. Kichwa kikitikisika kidogo tu, kazi imepotea.

Mimi sikujua. Nilipoamua kutubu, nilikwenda Kariakoo, nikaona miwani imeandikwa 20X. Ishirini! Nikailipia bila hata kuivaa. Kufika nyumbani, nikaivaa nilehemu waya wa redio ya jirani. Kumbe ili kuona ilinibidi kuinama mpaka pua ikawa jirani wa bodi, na chuma cha kulehemu kilikuwa pale pale kinanisubiri. Kovu lipo mpaka leo. Watoto wa mtaani waliniita Fundi Pua kwa mwaka mzima, na sikuwa na la kuwajibu.

Na sisi watu wa Nachingwea, kuliko Watanzania wengine wote, ndio tuliopaswa kuijua dhambi ya kununua ukubwa. Waulizeni wazee habari za mradi wa karanga. Mwaka 1946 Waingereza walileta wataalamu, wakazunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Mwaka 1947 kazi ikaanza: ekari zaidi ya milioni 3 zilikusudiwa, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Wakaleta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja huku. Lakini nani alichutama akaushika udongo? Nani alikaa msimu baada ya msimu akipima mvua? Udongo wa Kongwa ulikakamaa kiangazi mpaka ukala vyuma vya majembe. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimekwenda. Reli yetu nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walitazama kutoka juu, wakanunua namba kubwa. Na mimi mjukuu wa walioiona reli hiyo nikaenda Kariakoo nikanunua 20X.

Basi fanyeni hivi. Kabla hujatoa shilingi, kaa kwenye meza yako kama unavyokaa siku zote. Shika kazi yako mahali ambapo mikono inaishika bila kuchoka. Mwite mwanafunzi wako achukue utepe wa kupimia nguo, apime kutoka kwenye jicho lako hadi kwenye kazi. Andika namba hiyo ukutani kwa chaki. Hiyo ndiyo lenzi yako. Nyingine yoyote itakuvunja shingo.

Mama wa cherehani, wewe kazi yako iko sentimita 35 au 40 kutoka usoni, na sindano inapanda na kushuka. Ukivaa 3.5X itakubidi ulale juu ya sindano. Chukua dayopta 2.5 au 3, ile wanayoiandika 1.75X hivi. Kitambaa cheusi chenye uzi mweusi, ambacho umekuwa ukikikataa jioni, utakifumua saa moja usiku bila kutoboa. Mchonga mpingo, wewe uko naye jirani. Unahitaji nafasi ya kuzungusha patasi, tena unahitaji kuona nyuzi za mti zinaelekea wapi kabla patasi haijazifuata. Mpingo ukipasuka haushoneki.

Fundi simu, nakusihi ubaki kwenye 2X au 2.5X. Najua unataka zaidi. Lakini unapolehemu, ule moshi unaopanda ni wa utomvu uliomo kwenye waya wa risasi, na moshi huo unachoma mapafu na kuleta pumu. Sentimita 25 zinakuacha uso nje ya moshi. Sentimita 10 zinakuingiza ndani yake, na bei ya tundu la chaji haikulipi kifua.

Dalali wa Ruangwa, wewe una lupu ya 10X mfukoni na unadhani mahubiri haya hayakuhusu. Lupu ni ya kutazama, sikatai. Kwayo unaona viputo vya duara ndani ya kipande cha chupa ya kijani ambacho mtu alitaka kukuuzia kwa jina la jiwe. Kwayo, ukiligeuzageuza jiwe la kijani lililokatwa, unaona kingo za nyuma zimejirudia mbilimbili, ukajua umeshika tomalini. Garneti ya kijani haifanyi hivyo. Lakini mkononi mwako una kifurushi cha mawe mia mbili ya kuchambua, nawe una mikono miwili. Lupu inashughulikia jiwe moja kwa wakati, na umbali wake ni sentimita mbili na nusu. Vaa lenzi ya kichwani ya 2.5X, mwaga mawe juu ya karatasi nyeupe, chambua kwa kibano, na yale yanayokutia shaka ndiyo uyapeleke kwenye lupu na tochi. Masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa nchini 2019, Ruangwa nayo ikapata lake. Wanunuzi wanaoingia pale wana vioo vizuri. Wewe umekwenda na nini?

Na kijana wa kabureta, kwako nitakaa kidogo. Nani asiyejua miezi ya kupulizia huku kwetu? Mikorosho inatoa maua, ubwiriunga unashuka kama unga juu ya majani, mkulima ana salfa yake na siku chache, na mashine inazima shambani. Anakuletea mbio. Unafungua kabureta, unatoa jeti, ule msumari mdogo wa shaba wenye tundu katikati, unainua juu angani, unasema "imeziba", unachomoa uzi mmoja wa waya wa breki unauchokoa ndani. Dhambi! Umepanua tundu. Kuanzia leo mashine ile itakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, itatoa moshi, itaua plagi, na mkulima atakulaani mpaka minada ya korosho iishe bila kujua anamlaani nani.

Ungevaa lenzi ya 2X ungeona nini? Ungeona kwamba tundu halikuziba katikati. Pembeni yake, upande mmoja tu, kuna utando wa rangi ya chai, petroli iliyokauka tangu msimu uliopita, na juu ya utando chembe mbili tatu za salfa za manjano zimenata. Utando huo unalainika kwa petroli safi na kutoka kwa pumzi ya bomba la baiskeli. Tundu linabaki la duara kama lilivyotoka kiwandani. Dakika kumi. Bila waya.

Wale mnaovaa miwani ya kusomea, tulieni niwaambie jambo ambalo muuzaji hatawaambia. Ukivaa lenzi ya kichwani juu ya miwani ya kusomea, nguvu zinajumlishwa. Miwani yako dayopta 2, lenzi dayopta 4, jumla 6, na umbali wako sasa ni sentimita 17 badala ya 25. Wengi hununua, wakaona imewavuta puani, wakairudisha kwa hasira. Pimeni mkiwa mmevaa kile mtakachovaa kazini. Na ambaye jicho moja limetofautiana na jingine asidhani lenzi ya kichwani itayapatanisha. Vioo vyake viwili vina nguvu sawa. Aanze kwa mpima macho.

Dukani usione haya. Ingia na daftari la hesabu la mtoto, lile lenye miraba. Vaa lenzi, tazama miraba. Katikati itanyooka hata kwenye lenzi mbovu, tazama pembeni. Ikipinda kama chapati iliyoungua, rudisha. Funga jicho la kushoto, kisha la kulia: mstari usirukeruke. Kaa nayo dakika tano huku muuzaji akinung'unika. Ukisikia kichwa kinabana nyuma ya paji, au ukiona vitu viwili viwili, vioo havikupangwa sawa na macho yako, na hakuna kuzoea. Tikisa kichwa: ikiteleza hadi mdomoni, mkanda haufai. Kama ina uzito wote mbele, shingo yako italipa jioni. Lenzi za kioo ni nzito kidogo lakini hazikwaruziki upesi. Za plastiki ni nyepesi na rahisi kupatikana, nazo zinafaa kwa anayezitunza.

Kisha mwanga. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi yake Kairo miaka elfu iliyopita, aliandika kitabu kizima cha mambo ya kuona, akathibitisha kwamba jicho halitoi mwanga, linapokea mwanga unaotoka kwenye kitu. Miaka elfu! Na bado kuna fundi Nachingwea anayekaza macho gizani kana kwamba macho ni tochi. Lenzi haiongezi mwanga, ndugu zangu. Nyingi zina taa ndogo mbele, kwenye paji. Ni nzuri kwa kutazama ndani ya shimo, lakini mwanga unaotoka pale pale yalipo macho unaua vivuli, na mkwaruzo, ufa, risasi isiyoshika, vyote hujulikana kwa vivuli vyake. Weka taa nyingine pembeni, kushoto kama unatumia mkono wa kulia, iinamishe ipige kazi kwa ubavu. Utashtuka. Uso wa chuma uliouona laini jana utakuwa kama barabara ya Liwale masika.

Nyanyueni na meza zenu. Meza ya fundi saa inakaribia kifua, na ina maana yake: kazi inapanda kufuata macho, viwiko vinalala, mikono haitetemeki. Fundi anayeinamia goti ataota kibiongo na lenzi yake ikiwa kichwani. Na kila baada ya dakika ishirini hivi, pandisha kidirisha, tazama mwembe ulio ng'ambo ya barabara, uhesabu ndege. Nasema kwa uzito wote: hesabu ndege. Macho yaliyofungwa kwenye sentimita 20 asubuhi hadi jioni yanachoka kama mguu uliosimama mstarini.

Yapo maonyo ambayo sitayapamba. Usitazame jua kwa lenzi, hata kwa mzaha, hata mara moja. Usiiache mezani juani, maana inakusanya miale na kuwasha karatasi, na nyumba zetu nyingine bado zina makuti na nyasi. Usitembee kidirisha kikiwa chini, ngazi itakupokea. Lenzi ya kichwani si kinga ya macho: ukiwasha jiwe la kunolea, vua, vaa miwani ya kinga. Zile betri bapa kama kitufe zisiguswe na mtoto, akimeza moja mkimbize hospitali saa ile ile. Na ukungu machoni usioondoka, au kuona giza pembeni, hauna dawa kwenye duka la vifaa. Huenda ni mtoto wa jicho au presha ya macho, nenda kwa daktari.

Na kuhusu kuifuta, nimeona mambo. Nimeona kijana akiifuta lenzi ya plastiki kwa tina, ile ile anayosafishia bodi, akashangaa imekuwa nyeupe kama jicho la samaki wa kukaanga. Nimeona mwingine akiifuta kavu kavu kwa khanga yenye vumbi la barabara, na vumbi letu hili jekundu lina mchanga ndani yake. Mimina maji kwanza, vumbi liondoke. Tone la sabuni, kidole laini, maji tena, kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Ilaze kwenye soksi safi. Soksi moja ya mtoto inatosha.

Mnasema: wateja watanicheka, watasema fundi kapofuka. Mnasema: ni ghali. Ya kawaida haifikii bei ya mbuzi! Huko Assam, India, mwaka 2018 zilichapishwa habari za wachuma chai wenye miaka arobaini na zaidi waliopewa miwani ya kuonea karibu. Chai waliyochuma iliipita ya wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Bangladesh, mwaka 2024, ikawa zamu ya watu wa vijijini wenye kazi za mikono, washonaji wakiwemo: baada ya miezi minane kipato cha waliopewa miwani kilikuwa juu kwa theluthi nzima. Mikono ile ile, kazi ile ile. Kilichoongezwa ni kioo. Sasa nani anakucheka, na anakucheka akiwa na nini mfukoni?

Na kama pesa haziwagusi, nawaita kwa imani zenu. Waislamu mnajua habari za Nabii Daudi, aliyelainishiwa chuma, akaamriwa atengeneze deraya na azipime pete zake sawasawa. Azipime! Nabii na mfalme anaamriwa kutazama upana wa pete. Wakristo mnamjua Bezaleli wa kitabu cha Kutoka, aliyeitwa kwa jina kuchonga vito na kuvipachika. Mungu aliyejishughulisha na pete ya chuma na kijalizo cha dhahabu chini ya jiwe, wewe unamletea skrubu iliyotafunwa na kusema haionekani? Haionekani na nani?

Hapo ndipo namrudia mwalimu wangu. Ilipita miaka minane. Nilikuwa nimeshapata lenzi ya halali, 2.5X, na taa ya ubavuni. Asubuhi moja akaja, amekonda, fimbo mkononi, na saa ile ile kwenye kitambaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Imelala siku nyingi. Jaribu tena."

Nikaiweka mezani, nikashusha kidirisha. Kabla hata sijaifungua, nikaiona. Kwenye mfuniko wa nyuma, kutoka ukingoni kuelekea jina lake lililochorwa, mikwaruzo mitatu mirefu. Mmoja ulikuwa umekata herufi ya kwanza katikati. Mwanga wa ubavuni ukaijaza kivuli, ikasimama kama makovu. Nikafungua: kichwa cha skrubu kimeliwa upande mmoja, na uzi wa fulana yangu, rangi ya buluu, umejisokota kwenye gurudumu. Nikakaa kimya. Nikapandisha kidirisha.

"Mwalimu," nikasema, "hii mikwaruzo ni yangu."

Akavua miwani yake, akaifuta polepole kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Najua, fundi. Niliiona siku ile ile nilipofika nyumbani. Mimi navaa miwani."